Majani, Sumu na Ini: Mhadhara kwa Watu wa Goma



Jambo lililotukusanya ni moja ambalo kila nyumba ya mji huu ina habari zake, nalo ni kama maji ya majani na magome ya miti yetu yaweza kulikinga ini la mwanadamu na madhara ya sumu, khususan zile sumu za kemikali ambazo zama zetu zimezizidisha katika dawa, katika vinywaji, na katika mazao ya shamba. Jibu langu nitalisema mapema, ili msikilizaji aijue njia tunayoishika. Mimea yenye uwezo huo ipo, na dalili zake si porojo. Lakini kinga ya mmea haitimii mpaka itajwe pamoja na sumu yake, kipimo chake na wakati wake, na mtu awaye yote, awe mganga au profesa, asemaye kwamba jani fulani linasafisha ini bila kuyataja hayo matatu, amesema nusu ya neno, na mgonjwa ndiye atakayelipa ile nusu iliyobaki.

Na tuanze na ini lenyewe. Ndilo kubwa kuliko viungo vyote vilivyomo ndani ya mwili, la mtu mzima likiwa na uzito upatao kilo moja na nusu, nalo hukaa upande wa kuume chini ya mbavu. Hutengeneza nyongo, hutengeneza vitu vinavyoigandisha damu tujikatapo, huweka akiba ya sukari. Na fauka ya hayo, damu itokayo tumboni na katika utumbo, ikiwa imebeba chakula, pombe, dawa na kila tulichokimeza, hupita kwanza ndani yake kabla ya kuenea mwilini, kama shehena zinazovuka mpaka wa Grande Barrière zisivyoweza kuingia mjini ila zimepita forodhani na magunia yakafunguliwa. Sasa hatari imo katika kufungua huko, kwani ziko sumu ambazo maadamu zimefungwa dhara lao ni dogo, na ambazo huwa kali pale ini lenyewe linapozifungua.

Mfano ulio wazi kupita yote ni yale maji yasiyo na rangi yaitwayo tetrakloridi ya kaboni, yaliyotumiwa zamani kwa kusafishia nguo na kuzimia moto, na ambayo, baada ya Maurice Hall wa Marekani kuyapendekeza mwaka 1921 kuwa dawa ya kuua minyoo ya safura, walinyweshwa watu wengi katika nchi za joto. Minyoo ilikufa, walakini baadhi ya wanywaji nao walikufa, hasa waliokuwa walevi. Sababu yake ilijulikana baadaye. Ndani ya seli za ini mna kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita CYP2E1, nacho huyashika maji hayo na kuyabandua chembe moja ya klorini, ikabaki chembe yenye njaa isiyotulia, inayonyang'anya mafuta ya kuta za seli. Mafuta yaliyonyang'anywa nayo huwanyang'anya majirani zao, na uharibifu ukaenda kwa mfuatano mpaka seli zikapasuka. Ukikikata kipande chembamba cha ini hilo, ukakitia rangi na kukitazama kwa hadubini, utaona jambo la ajabu: seli zilizo mbali na mshipa wa katikati zimesimama salama, ilhali zile zinazouzunguka mshipa huo zimekufa duara zima, kwa kuwa ndipo kimeng'enya kile kilipo kwa wingi. Na pombe, ikinywewa siku baada ya siku, hukiongeza kimeng'enya hicho. Kwa hiyo mlevi alikuwa amejiandalia mauti yake kabla hajapewa ile dawa.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo au ya zamani, kwa kuwa njia ile ile hupitiwa na kidonge cha parasetamoli kiuzwacho katika kila famasi na kila kibanda kuanzia Birere hadi soko la Virunga. Kwa kipimo cha haki ni dawa njema, kwani sehemu ndogo tu ya dawa hiyo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni ambacho huipokea sumu hiyo na kuinyamazisha. Lakini mtu mzima akipita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, au akichanganya vidonge vya majina mbalimbali asijue kwamba vyote ndani yake vina parasetamoli, naye amekesha na pombe kali ya kanyanga wala hakula, akiba ile huelekea kwisha, na chini ya kiasi fulani seli huanza kufa. Siku ya kwanza huenda asihisi ila kichefuchefu. Na hapo ndipo jamaa hudanganyika, kwa maana dawa ya hospitali iitwayo asetisisteini, ambayo huirudishia seli akiba yake, hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu sumu kumezwa, na kila saa inayopotea nyumbani kwa kungoja au kwa kunyweshwa majani ni saa iliyoibwa katika uhai wa mtu.

Sumu ya pili ya ini iliyo kwetu, baada ya parasetamoli, ni dawa za kifua kikuu. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zimewaokoa watu wasiohesabika, na nchi yetu ya Kongo ni mojawapo ya zile zilizolemewa mno na maradhi hayo. Hata hivyo zote tatu zaweza kulidhuru ini, na mgonjwa huanza safari ya miezi 6 mara nyingi akiwa amekonda na akiba yake ni haba. Ya tatu ni ukungu wa nafaka. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu utoao sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa; mwaka 2004 huko Makueni na Kitui nchini Kenya iliwapata watu 317 kwa mahindi yaliyoharibika, na 125 kati yao wakafa kwa ini kushindwa kazi. Bugali wetu hutoka katika mahindi ya namna ile ile, na mvua za Kivu hazimwachi mkulima akakausha apendavyo.

Na iko sumu nyingine ambayo haipasi kupitwa kimya katika nchi ya Kivu. Mtu akikonda, tumbo likijaa, macho yakawa manjano, majirani hunong'onezana kwamba amelishwa, na wengi, zaidi upande wa Bukavu, huliita jambo hilo karuho. Hupelekwa kwa mganga, akapewa maji ya majani ya kutapisha na ya kuharisha, na huku nyuma jirani au mke mwenza hutiwa katika tuhuma ambayo pengine haitafutika maishani mwake. Sikatai kwamba mtu aweza kumtilia mwenziwe sumu. Nasema kwamba macho ya manjano na tumbo lililojaa maji ni alama za ini lililoelemewa, na kwamba miongoni mwa visababu vyake virusi vya homa ya ini aina ya B vina nafasi kubwa kwetu, navyo havitoki kwa kutapika. Homa hiyo hujulikana kwa kupima damu kidogo, ina dawa za kuizuia, na mtoto achanjwaye mapema huepushwa nayo. Ndugu zangu waganga, hapa ndipo ninapowaomba kwa taadhima yote: mgonjwa wa namna hiyo akifika kwenu, mpelekeni kwanza akapimwe damu. Hamtapungukiwa na heshima yenu kwa hilo, na huenda mkaokoa watu wawili, mgonjwa na yule anayetuhumiwa.

Sasa tuyaendee majani yenyewe, na la kwanza liwe mubirizi, ambao mnaufahamu nyote, ule mti mdogo wa majani machungu unaooteshwa kwenye nyua za nyumba zetu na za ndugu zetu wa Rwanda, na ambao wataalamu wa mimea waliuita Vernonia amygdalina. Heshima yake si ya watu pekee. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, mashariki ya ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa bingwa wa miti ya dawa, walimwona sokwe jike mgonjwa akiuchuma mti huo, akaumenya ganda, akafyonza utomvu wake mchungu ambao sokwe wazima hawautamani, kisha siku iliyofuata akarudiwa na nguvu zake. Habari hizo zilihusu minyoo na tumbo, hazikuhusu ini. Nazitaja kwa sababu zilipochapishwa mwaka 1989 jina la Seifu liliandikwa ubavuni mwa jina la Huffman, na hivyo ndivyo maarifa ya mganga yanavyopasa kupokewa.

Kuhusu ini, watafiti wa Nigeria walichapisha mwaka 2006 jaribio walilolifanya kwa panya wadogo wa maabara. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa utaratibu, na yafaa niueleze, maana wengi husikia neno utafiti wasijue mikono hufanya nini. Majani huchumwa na tawi moja kukaushwa na kuwekwa katika hifadhi ya mimea, ili mtu yeyote baadaye aweze kuhakikisha kwamba mti ulikuwa ule na si ndugu yake. Yaliyobaki hukaushwa kivulini, husagwa, hurowekwa katika maji au alkoholi, huchujwa, na maji yake hukaushwa taratibu mpaka ubaki unga au ute mzito, ambao hupimwa kwa mizani ya maabara. Panya hugawanywa makundi: moja halipewi kitu, moja hupewa sumu peke yake, mengine hupewa dawa ya mmea kwa vipimo mbalimbali pamoja na sumu, na aghalabu kundi moja hupewa dawa iliyokwisha julikana ili iwe kigezo. Kisha damu hupimwa vimeng'enya viitwavyo ALT na AST, ambavyo makao yake ni ndani ya seli za ini, hata vikionekana kwa wingi katika damu ni ishara kwamba kuta zimebomoka. Katika jaribio hilo la mubirizi, panya walionyweshwa maji ya majani kabla ya kupewa parasetamoli nyingi walidhurika kidogo kuliko wale wasionyweshwa, na kipimo kilipopandishwa kutoka miligramu 50 hadi 100 kwa kila kilo ya mwili, kinga nayo ilipanda. Huko Bara Hindi, mwaka 2002, majani ya mlonge yalijaribiwa kwa panya waliopewa zile dawa tatu za kifua kikuu, na madhara yakapungua.

Hizo ni habari njema, na sitaki mtu yeyote azidharau. Lakini tuzipime. Angalieni neno kabla: panya alikingwa kwa sababu jani lilimtangulia adui, ilhali mgonjwa wetu huja siku ya tatu, macho yamekwisha badilika. Angalieni pia namna ya kinga. Mmea waweza kulilinda ini kwa kuzizima zile chembe zenye njaa, au kwa kuliongezea akiba ya glutathioni, au kwa kukizuia kimeng'enya kisiifungue sumu. Na kama ni njia hii ya tatu, basi mmea huo hautafaa kitu kwa sumu ambayo haihitaji kufunguliwa, na pengine utaizuia dawa nyingine ya mgonjwa isifanye kazi yake au isitoke mwilini kwa wakati. Kwa hiyo kinga dhidi ya tetrakloridi ya kaboni si kinga dhidi ya ukungu wa mahindi, wala dhidi ya kanyanga, wala dhidi ya virusi.

Kisha kipimo. Kanuni ya kawaida ya kukadiria kutoka panya mdogo hadi mwanadamu ni kuigawanya ile dozi ya kila kilo kwa 12 hivi; basi miligramu 100 za panya huwa kama 8 kwetu, na mtu wa kilo 60 angehitaji karibu nusu gramu ya ule unga mkavu. Tuseme gramu 10 za majani makavu hutoa gramu 1 ya unga, basi angehitaji gramu 5 za majani. Lakini nani kati yetu ajuaye kikombe cha maji ya mubirizi kina kiasi gani? Majani ya Rutshuru na ya Masisi, ya masika na ya kiangazi, ya mti mchanga na ya mti mkongwe, hayana nguvu moja, na mkono wa mpishi hujaza leo kuliko jana.

Maswali haya ya kuipima dawa hayakuzuliwa juzi. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha Kanuni masharti saba ya kuijaribu dawa, miongoni mwayo kwamba ijaribiwe katika maradhi mepesi yasiyochanganyika, kwamba nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa, kwamba wakati wa kufanya kazi kwake uangaliwe, kwamba athari yake ionekane daima au mara nyingi ili isidhaniwe kuwa ni bahati, na kwamba tajriba ikamilishwe kwa mwili wa mwanadamu, kwa kuwa yaliyomfaa mnyama hayalazimu kumfaa mtu. Hakuna sharti moja kati ya hayo niliyoyataja ambalo sayansi ya leo imelitupa.

Na faida ya masharti hayo yaonekana katika ule mmea wa miiba na maua ya zambarau wa pwani za Bahari ya Kati, uitwao Silybum marianum, ambao Plinio wa Roma aliutaja katika karne ya kwanza kuwa huondoa nyongo. Mwaka 1968, mjini Munich, Hildebert Wagner na wenziwe waliitoa katika mbegu zake dawa iitwayo silimarini, na mpaka leo katika hospitali za Ulaya sehemu yake iitwayo silibini hutiwa mshipani kwa waliokula uyoga wa mauti, kwa sababu huizuia sumu ya uyoga isiingie katika seli za ini. Ni ushindi mkubwa wa mmea. Hata hivyo silimarini hiyo hiyo ilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba haikuwafaa kuliko vidonge visivyo na dawa. Mmea ni mmoja, adui ni wawili. Kwa mmoja ni ngao, kwa wa pili haukumgusa.

Tena iko mimea inayoliua ini. Huko Natal, Afrika Kusini, mizizi iitwayo impila, inywewayo na Wazulu kwa kutakasa mwili, imewaua wengi, watoto hasa, kwa sumu iozeshayo seli za ini. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 1992 vidonge vya majani ya Teucrium chamaedrys, vilivyonunuliwa na watu waliotaka kupunguza unene, baada ya maini yao kuugua. Kaskazini mwa Ethiopia, katika Tigray, watu wa vijiji kadhaa waliugua matumbo ya maji, na uchunguzi ukaonyesha mbegu za gugu la Ageratum conyzoides zilizochanganyika na nafaka. Gugu hilo lenye maua madogo ya buluu hafifu limeota pia katika mashamba yetu, na wako wanaolitumia kuwa dawa. Asemaye kwamba cha asili hakidhuru basi ameisahau asili yenyewe.

Tufanye nini, basi? Mgonjwa wa kifua kikuu asiache vidonge vyake kwa ajili ya jani lolote. Akiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, macho manjano, au matapiko yasiyokoma, arudi siku hiyo hiyo kituoni, na amwambie mwuguzi bila haya majani aliyoyanywa, naye mwuguzi asimkaripie, maana anayekaripiwa leo kesho ataficha. Mama mwenye gunia la mahindi ayakaushe mpaka punje ivunjike kwa jino, alinyanyue gunia juu ya ardhi, na punje zenye ukungu azitupe, asiwape kuku wala asiziuze kwa watengenezaji wa pombe. Hiyo ni kinga ya ini iliyo kubwa kuliko mmea wowote niliokwisha utaja, na haina gharama ila bidii.

Na kwa upande wa elimu, sisi si maskini kama tunavyodhani. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati iliyoanzishwa mwaka 1947 ilituachia kituo cha sayansi ya viumbe pamoja na hifadhi ya mimea ya nchi hii; Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 1974 na kitengo cha kuchunguza dawa za asili. Na Bukavu wanalo somo lililo kubwa kuliko yote, yaani mti wa kinkina, ambao magome yake huvunwa katika vilima vya Kivu na kugeuzwa kwinini. Magome yale yalikuwa machungu na yenye nguvu karne nyingi, lakini tangu wanakemia Pelletier na Caventou walipoitoa kwinini yake mwaka 1820, tabibu aliweza kusema miligramu ngapi, kwa mgonjwa wa uzito gani, kwa siku ngapi, na kuanzia hapo magome yakawa dawa ya ulimwengu mzima.

Hilo ndilo ninalolitaka kwa mubirizi na wenziwe: vyuo vya Goma na vya Bukavu viwaite waganga, viandike majina yao katika kazi watakazozichapisha, na mapato yatakayopatikana yawafikie, mimea ihifadhiwe, ipimwe kwanza kwa usalama wake kisha kwa manufaa yake, na kila mmoja uulizwe yale maswali matatu, sumu gani, kiasi gani, wakati gani. Anayeuliza hivyo hamvunjii mmea heshima yake, wala hamvunjii heshima babu aliyemrithisha. Anatimiza kazi ambayo babu aliianza, na mgonjwa wa Goma anastahili kazi iliyotimia.